Keki ya juisi isiyookwa imenigomea mara mbili, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Bi_Sufuria (mwenye uzi)

Habari zenu wapishi wenzangu.

Sina oveni, na hata ningekuwa nayo nisingeiwasha katika joto hili. Kuchemsha chai tu kunanitoa jasho. Mdogo wangu anatimiza miaka 30 Jumamosi na kanitaka keki ya juisi, ile ya baridi: chini biskuti zilizosagwa, katikati krimu, juu tabaka la juisi linalong'aa kama kioo. Nimeshajaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeumbuka.

Ya kwanza nilikamua nanasi mwenyewe, nikachuja, nikayeyusha jelatini (ule unga wa kugandishia) gramu 14, nikachanganya na juisi nusu lita na kumimina juu ya krimu. Ikalala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nafungua mlango, juisi inacheza vile vile ilivyoingia. Kwa ujinga wangu nikafungua kile kibanio cha pembeni ya bati nikidhani labda chini imeshika. Yote ikashuka hadi kwenye droo ya mboga. Biskuti zimekuwa uji.

Ya pili nikatia jelatini gramu 21. Mambo yale yale, na safari hii krimu ilikuwa na uchungu fulani ambao sikuuelewa. Jelatini haijaisha muda, nimeangalia pakiti. Naomba vipimo jamani, si "kadiria tu".

Mtazamaji77

Tia gramu 30 ishike, tatizo liko wapi?

MpigaMwiko

Mtazamaji, hata akitia ndoo nzima haitashika. Bi_Sufuria, jelatini yako ni nzima na vipimo vyako havikuwa vibaya. Mbaya wako ni nanasi.

Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Jelatini ni protini tupu. Kwa hiyo wewe unafunga, yeye anafungua, usiku kucha. Ndiyo maana ukila nanasi jingi ulimi unawasha. Ule uchungu wa krimu nao unatoka huko huko: anakatakata protini za maziwa, na vipande vinavyobaki ni vichungu.

Papai lina cha kwake, kiwi lina cha kwake, tini pia, na tangawizi mbichi vile vile. Embe nalo si la kuaminika kwenye jelatini likiwa halijapikwa. Chungwa, pasheni, zabibu, tufaha na stroberi hazina shida hiyo.

Dawa ni moto. Chemsha juisi ya nanasi itokote dakika 5 hivi, iache ipoe, ndipo uiunganishe na jelatini. Nanasi la kopo halina neno kwa kuwa limeshapikwa kiwandani. Na usiniletee habari ya kuligandisha kwenye friza: baridi inakilaza kile kimeng'enya, haikiui. Kikiyeyuka kinaamka na kuendelea na kazi.

Bi_Sufuria

Yaani nimemwaga krimu nusu lita mara mbili kwa sababu ya nanasi! Na mimi nililichagua makusudi, nikanusa moja moja mpaka muuzaji akanuna.

Mama Pacha

Pole mwanangu. Nina maneno mawili.

La kwanza, wageni wako wanakula jelatini? Nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe, nyingine ngozi na mifupa ya ng'ombe. Soma pakiti, na isiposema basi uliza. Kwangu huingia watu wa kila namna, Waislamu na wasiokula kitu cha mnyama, kwa hiyo niliachana nayo zamani nikahamia aga-aga, inayotengenezwa kwa mwani wa baharini.

La pili ni hilo joto unalolilalamikia. Jelatini huanza kulegea kwenye nyuzijoto 30 hivi. Keki ya jelatini ukiiweka mezani mchana wa joto, hotuba ya kwanza ikiisha imeshaanza kutoka jasho. Aga-aga ikishashika, haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Na nanasi haliiwezi, kwa sababu haina protini ya kukatwa.

Vipimo, kwa kuwa umeomba: kijiko kimoja cha chai cha unga wa aga-aga kwa kila mililita 250 za kimiminika. Kama yako ni ya vipande vyepesi kama maganda, hapo ni kijiko kimoja cha mezani badala ya cha chai. Kwa nusu lita fanya hivi: koroga vijiko viwili vya chai vya unga kwenye maji baridi mililita 200, tia sukari unayotaka, bandika. Ikianza kuchemka usiondoke, ihesabie dakika 2 kamili huku unakoroga. Aga-aga isiyochemka vizuri haishiki, na hapo ndipo wengi huisingizia. Ipua, mimina juisi mililita 300 taratibu.

Juisi isitoke kwenye friji! Aga-aga hushika ikiwa bado vuguvugu, huna haja hata ya friji. Ukiimwagia juisi ya baridi itaganda mabonge mabonge palepale kwenye sufuria. Na juisi kali kama ya ndimu au pasheni usiichemshe pamoja nayo, ukali na moto vikikutana vinaidhoofisha.

kijana_wa_friji

Mnamtesa dada wa watu. Mimi naishi peke yangu, nina sufuria moja na mwiko, na keki ya juisi natengeneza kila wiki. Wanga wa mahindi, ule mweupe laini unaolia ukiuminya. Basi.

Juisi lita 1, wanga gramu 90 (vijiko vya mezani 11 vilivyosawazishwa), sukari kadiri ya ulimi. Koroga wanga kwenye juisi ikiwa baridi, bandika moto wa wastani, koroga bila kuacha kona. Kwanza inakuwa na ukungu kama maji ya kufulia, halafu ghafla mwiko unakuwa mzito na rangi inarudi kung'aa. Ikitoa mapovu mazito ya "pwu, pwu" ihesabie dakika moja, ipua. Usiizidishe, hasa juisi ikiwa kali, maana wanga ukipikwa sana kwenye ukali unarudi kuwa maji.

Bati la mkate, tandaza nailoni, biskuti nzima safu moja, juisi nzito ya moto, biskuti, juisi, mpaka ijae. Malizia na biskuti. Friji usiku kucha. Asubuhi pindua. Biskuti zimenywa juisi zimekuwa laini, ukikata unaona mistari, na mtu atakuapia kwamba umeoka.

MpigaMwiko

Nakubali, isipokuwa kitu kimoja: haitang'aa kama kioo. Mdogo mtu kaomba kioo.

kijana_wa_friji

Kioo hakiliwi.

Fundi Krimu

Nimecheka. Haya, hakuna aliyegusa chini ya keki, na ndiko mambo yalikoharibika mara ya kwanza.

Bati la sentimita 22: biskuti gramu 200, siagi iliyoyeyushwa gramu 90. Saga mpaka iwe kama mchanga wenye umande. Ukiukamata kwenye kiganja unashikana, ukiugusa kwa kidole unavunjika. Ukiona siagi inachuruzika umezidisha. Gandamiza kwa kitako cha glasi, friji dakika 30. Kisha yeyusha chokoleti kidogo, ipake juu kwa brashi kama unavyopaka rangi ukuta. Ikiganda inakuwa kizuizi, unyevu haupiti. Biskuti zitabaki biskuti.

Krimu: ukitaka kuishikisha kwa jelatini, iloweke kwanza kwenye maji baridi dakika 5 hadi 10 ivimbe, ndipo uiyeyushe kwa moto mdogo. Isichemke. Wengi wanaimwagia maji ya moto moja kwa moja, inabaki na chembe za mpira ambazo haziyeyuki hata uzipige. Iache ifikie joto la kidole, halafu chota vijiko viwili vya krimu uvichanganye kwanza humo kwenye jelatini, ndipo urudishe kwenye krimu yote. Ukiimwaga yote kwa pamoja kwenye krimu ya baridi utapata nyuzi.

Na tafadhali, juisi ya nanasi lisilochemshwa isiguse krimu kabisa.

Bi_Sufuria

Jamani asanteni. Jana usiku sikutaka kuharibu keki ya tatu, nikafanya majaribio kwenye glasi tatu. Ya kwanza juisi ya nanasi iliyochemshwa na jelatini. Ya pili nanasi lile lile bila kuchemsha, na aga-aga ya Mama Pacha. Ya tatu ya kijana.

Zote tatu zimeshika! Nilipiga kelele hadi mume wangu akaja na fagio akidhani panya.

Leo saa sita mchana nikazipanga dirishani. Baada ya saa moja hivi ya jelatini ukiinamisha glasi inatembea. Ya wanga imesimama, lakini rangi imefifia kidogo. Ya aga-aga nimeichoma kwa kidole, imekatika safi kama tofali. Ladha sasa: jelatini inayeyuka mdomoni, tamu sana. Aga-aga lazima uitafune. Mume kachagua ya wanga, lakini huyo hata ukoko anausifu.

Nimeamua krimu ya jelatini (ya ng'ombe, nimesoma pakiti), juu juisi ya nanasi iliyochemshwa na aga-aga. Kesho nafanya kidogo cha majaribio.

Mama Pacha

Hapo sawa. Kutafunika kunapungua ukipunguza unga robo, lakini usishuke zaidi kama unataka ikatike.

Bi_Sufuria

Nimerudi na kilio kingine. Kakeki ka majaribio kamependeza, nusura nilie. Nikakata kipande, nikakinyanyua, tabaka la juu likateleza lote likadondoka kwenye sahani kama kifuniko cha sufuria. Krimu chini haina hata alama.

Fundi Krimu

Uliacha krimu ikauka juu, sivyo? Na aga-aga ukaimimina imeshaanza kupoa sana.

Kabla ya kumimina, ikwaruze krimu juu kwa uma, mikwaruzo myembamba ya kwenda na kurudi, aga-aga ipate pa kushika. Keki iwe ya baridi kabisa. Aga-aga ikifika joto ambalo unaweza kushika sufuria kwa kiganja bila kuruka, mimina safu nyembamba kwanza kupitia mgongo wa kijiko, isichimbe shimo. Vuguvugu hilo litalainisha ngozi ya juu ya krimu kidogo tu, vishikane. Subiri dakika 2, malizia iliyobaki. Ikianza kuganda sufuriani irudishe motoni, aga-aga haina kinyongo, inayeyuka na kushika tena. Kwako ni nanasi, kwa hiyo moto wa pili hauna shida. Ingekuwa ndimu ningekwambia uwe mwangalifu.

kijana_wa_friji

Ya kwangu haina vifuniko, nasema tu.

Bi_Sufuria

Wapendwa, Jumamosi imepita. Ilikaa mezani karibu saa mbili bila kutoka jasho. Kisu kilipita juu, krimu, chokoleti ikafanya "tak", biskuti kavu. Mdogo wangu kaigeuza sahani upande akitafuta kama kuna ujanja. Mikwaruzo ya uma inaonekana kwa chini kupitia juisi kama mistari, watu wakadhani ni pambo, nikanyamaza.

Kasoro moja: vipande viwili vilivyobaki leo vimezungukwa na maji kwenye sahani. Nimekosea wapi?

Mama Pacha

Hujakosea. Aga-aga ikikaa hukamuka maji yenyewe. Weka karatasi ya jikoni chini, uvile leo. Usivitie friza, vikiyeyuka vitakuwa sifongo.

Bi_Sufuria

Nimeshavila huku naandika. Swali la mwisho: tikiti maji linafaa? Watoto wanataka nyekundu.

MpigaMwiko

Linafaa, halina kimeng'enya cha kukusumbua. Lichuje mara mbili maana nyama yake hujitenga na kuzama, na lipe ndimu kidogo baada ya kuipua, bila hiyo ladha inapotea likishapoa.