Malalamiko: Kampuni zinaleta wageni wa kujitolea kufundisha Kiingereza, na watoto wetu wa darasa la saba wanapoteza vipindi

Ndugu wanajukwaa, na hasa walimu wenzangu wa Moshi na Arusha,

Nimesita siku tatu kuandika haya kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Siku tatu zimepita na hasira haijapungua, kwa hiyo nitayaeleza hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi ya serikali hapa Manispaa ya Moshi, na nimefundisha somo hili kwa miaka 14. Mwaka huu nina darasa la saba lenye mikondo miwili, jumla wanafunzi 87, ambao watafanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba. Tupo Julai. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua uzito wa kipindi kimoja cha Julai kwa darasa la saba.

Jumatano saa tatu usiku mwalimu mkuu alipigiwa simu na kampuni moja inayoleta vijana wa nje kufanya kazi za kujitolea, akaambiwa kwamba kesho yake wangefika wageni 11 kufundisha Kiingereza. Hapakuwa na barua wala orodha ya majina. Alhamisi saa 2:40 asubuhi, vipindi vikiwa vimeshaanza, Hiace yao iliingia uwanjani na shule nzima ikatoka madarasani kuwatazama, na mwalimu wa zamu alihitaji karibu nusu saa kuwarudisha watoto ndani.

Nilikuwa katika marudio ya wakati uliopita. Walimu wa somo hili mnalifahamu kosa lenyewe: mtoto anaandika «I was go to the market», nawe unaweza kulisahihisha kwa wino mwekundu mwaka mzima bila kupata mabadiliko yoyote, kwa sababu kosa hilo linatoka katika Kiswahili chake. Anaisikia ile -li- ya «nilienda», anatafuta neno la Kiingereza litakaloibeba, analipata «was», kisha analibandika mbele ya kitenzi. Dawa yake ni kurudi kwenye Kiswahili chenyewe, kulivunja neno ubaoni, ni-li-enda, na kumwonyesha mtoto kwamba Kiingereza hakiweki wakati uliopita pembeni bali hukigeuza kitenzi chenyewe, «go» kikawa «went» na «buy» kikawa «bought». Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu Jumatatu. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya watoto kuandika aya yao wenyewe kuhusu siku ya soko pale Mbuyuni, ili nione ni nani ameelewa na ni nani bado.

Aya hiyo haikuandikwa. Kiongozi wa wageni, kijana Mtanzania, aliingia na kusema, «Mwalimu, samahani, tunaomba wageni wachukue vipindi viwili, halafu utaendelea.» Nilimwomba andalio la somo, hakuwa nalo. Nilimuuliza ni nani kati yao amesomea ualimu, akanijibu kwamba wote ni wazungumzaji wazuri wa Kiingereza. Mwalimu mkuu akaniita pembeni na kuniomba nivumilie, kwa sababu kampuni imeahidi kukarabati vyoo vya wavulana.

Simlaumu mwalimu mkuu, na naomba mtakaochangia msimlaumu pia. Tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, shule inategemea ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mtu akija na ahadi ya vyoo, mkuu wa shule ya aina hii atamkataa kwa nguvu gani? Kampuni hizi zinaujua udhaifu huo vizuri sana, na ndio mlango zinaoingilia.

Mikondo yote miwili iliunganishwa katika chumba kimoja, watoto wanne wanne kwenye dawati, na somo lililofundishwa lilikuwa majina ya rangi na ya wanyama. Darasa la saba! Hili ni kundi la nne kuletwa shuleni kwetu mwaka huu, na makundi yote manne yamefundisha rangi na wanyama, kwa sababu hakuna kundi linalojua lililotangulia lilifundisha nini. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mwenye bidii sana, alinyoosha mkono na kuuliza kwa Kiingereza chake kama wangeweza kusahihisha aya yake ya soko. Alipigiwa makofi, akapigwa picha, na swali lake halikujibiwa.

Saa nne, wakati wa mapumziko, waligawa pipi uwanjani kutoka kwenye mfuko mmoja. Watoto zaidi ya 600, mfuko mmoja. Msichana wa darasa la pili alisukumwa akaangukia kingo ya zege na kuchanika juu ya jicho. Ni mimi niliyempakata kwenye bodaboda hadi zahanati, na ni mimi niliyelipa. Hakuna mtu wa kampuni aliyeuliza hata jina la mtoto yule.

Niliporudi nilimkuta mmoja wa wageni, binti wa miaka 19 kutoka Uholanzi, peke yake mbele ya wanafunzi wangu wote 87. Wenzake walikuwa wametawanywa katika madarasa mengine, na kiongozi alikuwa ndani ya Hiace anaongea na simu. Sauti ilikuwa imemkauka na watoto walikuwa wamepanda juu ya madawati. Niliwatuliza, nikampeleka ofisi ya walimu, nikampa chai, naye akaanza kulia. Aliniambia kwamba tangu alfajiri amepelekwa shule mbili, kwamba alidhani angemsaidia mwalimu na hakutarajia kuachiwa darasa, na kwamba amelipa euro 1,400 kwa wiki mbili. Kisha akanieleza jambo ambalo limeninyima usingizi: kabla ya safari waliandikiwa kwamba shule yetu haina mwalimu wa Kiingereza.

Miaka 14. Maandalio yangu yamo kabatini, mthibiti ubora wa shule ameyakagua na kuyasaini. Nimeondolewa katika shule yangu mwenyewe ili mtu auze nafasi yangu kwa euro.

Naomba nieleweke kwamba binti yule hana kosa, yeye naye ametapeliwa. Fedha alizolipa kwa nia njema shule haijaziona, na hivyo vyoo tumeahidiwa tangu kundi la kwanza.

Halafu lipo hili neno lenyewe, «kujitolea». Shuleni kwetu yupo mwalimu kijana, mzaliwa wa Rombo, mwenye stashahada ya ualimu, ambaye anasubiri ajira na anafundisha darasa la tano bila mshahara. Wazazi wanamchangia nauli ya daladala, na mwezi ambao michango imekuwa midogo anatembea kwa miguu kutoka Majengo. Huyo ndiye mwalimu wa kujitolea. Alhamisi ile aliambiwa awapishe wageni, akakaa nje ya darasa lake kwenye ukuta wa bustani akisahihisha madaftari magotini. Hakuna aliyempiga picha, na wala hakuna kampuni iliyotangaza kazi yake.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mtoto hana uwezo wa kutoa ridhaa mwenyewe, mzazi ndiye anayeombwa. Hakuna mzazi wa shule yetu aliyeulizwa. Vilevile viza ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi hata kama halipwi, anatakiwa awe na kibali. Nilipomuuliza kiongozi kuhusu vibali alinijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi.

Nisingependa mtu aje hapa kusema kwamba nawachukia wageni. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mama mmoja mstaafu, mwalimu wa miaka mingi kutoka Ireland, aliyekaa nasi miezi mitatu. Siku ya kwanza aliniomba azimio la kazi, yaani mpango wangu wa masomo, na kuketi dawati la nyuma. Wiki nzima hakufundisha, alisikiliza. Baadaye tuligawana kazi: mimi nilifundisha sarufi, naye aliwachukua watoto kumi kumi chini ya mwembe kuzungumza nao na kurekebisha matamshi. Alikuwa ameshaona kwamba watoto wetu wanachanganya «he» na «she» kwa sababu «yeye» yetu haichagui mume wala mke, akawatungia mazoezi ya jambo hilo peke yake. Watoto wale walipoingia kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, walinishukuru. Kwa hiyo inawezekana kabisa, mradi mtu aje kumsaidia mwalimu na akae muda wa kutosha kuyajua majina ya watoto.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa Afisa Elimu Kata. Nimeomba kwamba mgeni yeyote aletwe kwa barua na kibali angalau wiki mbili kabla, asiachwe peke yake na darasa, asiguse kabisa vipindi vya darasa la saba, na kampuni iieleze kamati ya shule, mbele ya wazazi, inatoza kiasi gani kwa jina la shule yetu. Barua imepokelewa na kugongwa mhuri. Jibu sijapata.

Jumatatu ijayo kundi la tano linakuja. Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwa heshima zote kwamba sitatoka darasani, na kwamba kipindi cha kwanza watoto wataandika ile aya ya soko. Ninachoomba kwenu, walimu wa Moshi, Arusha, Karatu na kwingineko ambako magari haya yanafika, ni mnieleze shule zenu zimefanya nini: je, ipo shule yenye makubaliano ya maandishi na kampuni hizi, na kama yapo, kamati yenu iliyapataje? Naomba mnijibu kabla ya Jumatatu.