Tupeane uzoefu: kumpata mfanyakazi anayefaa na kumzuia asihame

Msimamizi_Zamu
Wadau, kuna geti Enterprise Road lenye tangazo la "Mafundi wanahitajika" lililopigwa na jua hadi wino mwekundu umekuwa wa waridi. Halishuki kwa sababu mafundi hawakai. Na si kwamba Nairobi imeishiwa mafundi, maana kila alfajiri wanamiminika kutoka Mukuru hadi Lunga Lunga kutafuta kazi. Wanaojua kuajiri na kukaa na watu, leteni hatua zenyewe. "Mheshimu mfanyakazi wako" tumeshaisikia.

Chomelea_BabaDogo
Kwa welda, weka karatasi kando kwanza. Cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kinasema alifaulu siku ile, hakisemi mkono wake ukoje leo. Mpe vipande viwili vya bamba la milimita 6, urefu wa sentimita 15, aviunge kwa umbo la T. Mpe rodi za kuchomelea za aina ya 6013, unene wa milimita 3.2. Usimpangie ampea za mashine. Anayejua ataomba chuma chakavu ajaribie, apandishe na kushusha moto mpaka atulie mahali kati ya 90 na 130. Asiyejua atavamia kazi moja kwa moja na rodi itaganda.

Achomelee upande mmoja tu. Ikipoa, ibane kwenye jiliwa, uligonge bamba lililosimama kwa nyundo hadi weldi ifunguke. Hapo ndipo ukweli ulipo. Vitundu kama vya mkate vina maana rodi ilikuwa na unyevu, chuma kilikuwa na kutu au rangi, au aliinua rodi mbali mno. Mistari myeusi ndani ni uchafu wa weldi (slagi) uliofunikwa badala ya kutolewa. Ukiona chuma cha chini kimebaki laini kama hakikuguswa, moto ulikuwa mdogo au alikimbia. Weldi inaweza kupendeza kwa nje kama nywele zilizosukwa na ndani isishike kitu.

Vunja mbele yake, umwachie aseme mwenyewe kilichoharibika. Anayeweza kusoma kosa lake anafundishika. Tena tazama kama alivaa miwani kabla ya kugonga uchafu, bila kuambiwa. Yote hayo ni dakika 40.

Nyundo_Kariobangi
Kweli kabisa. Hiyo ya kuvunja mbele yake peke yake inatosha.

Dada_Hesabu
Ofisini ni vilevile. Karani wa hesabu mpe taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja, taarifa ya benki na kitabu cha pesa ndogondogo, baada ya kufuta majina na namba za wateja, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina msamaha wa usaili. Pandikiza makosa matatu: malipo yaliyoingizwa mara mbili, ada ya benki iliyosahaulika, na 5,400 iliyoandikwa 4,500. Hilo la mwisho linaacha tofauti ya 900. Mzoefu akiona tofauti inagawanyika kwa 9 huanza kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi.

Mpe dakika 45. Asipomaliza si neno, tazama anaanzia wapi. Wa kuogopa ni yule anayeongeza mstari wa "marekebisho" ili pande mbili zilingane. Huyo usimchukue hata awe na shahada mbili.

Mzee_Gikomba
Hayo ya dakika 40 ni mengi. Mwache mtu afanye kazi siku tatu bila malipo, utamjua.

Wakili_Milimani
Mzee wangu, hapana. Akitengeneza kitu ukakiuza, hiyo ni kazi na ana haki ya ujira. Jaribio ni kile kipande cha Chomelea kinachoishia kwenye chakavu. Ukitaka siku tatu, lipa siku tatu, tena hakikisha bima ya WIBA, ile ya kuumia kazini, inamhusu kuanzia saa ya kwanza. Cheche ikiingia jichoni siku ya pili utasema alikuwa nani kwako?

Mzee_Gikomba
Nyinyi mawakili mnaandika mkiwa kwenye kiyoyozi. Biashara ndogo haina pesa hizo.

Dada_Hesabu
Mzee, sheria iache kando, tazama nani atakuja. Fundi mzuri siku hizo tatu ana kazi inayomlipa, hawezi kuiacha aje kwako bure. Watabaki waliokosa pa kwenda. Unawachuja wazuri kabla hujawaona.

Mzee_Gikomba
Hilo la fundi mzuri kutokuja, nakubali. La kiyoyozi sijaliondoa.

Afisa_Ajira
Niongeze upande wa usaili. Waulize wote maswali yaleyale matano, kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kuongea na mwenzake. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 wa Sackett na wenzake, watafiti wa saikolojia ya kazi, uliweka usaili wa namna hii juu ya vipimo vingine vya kuajiri. "Jieleze kidogo" inapima ulimi. Uliza hivi: "Mashine imekufa saa tisa, mzigo unatoka saa kumi na moja, msimamizi hashiki simu. Unaanza na nini?"

Wadhamini, yaani watu aliowataja wamshuhudie: pigia pia simu ya ofisi alikofanya kazi, usitegemee namba aliyoandika yeye tu. Uliza swali moja, "Ungemrudisha kazini?", kisha unyamaze. Kimya kabla ya jibu kina habari.

Na tafadhali, tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, vyeti vya tabia njema, ushuru, HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo) na mikopo mingine haviombwi kwa kila anayetuma maombi. Unamwomba yule tu unayekusudia kumpa mkataba. Kijana amekwama, unamtoza gharama za vyeti ili umwambie "tutakupigia"?

Mtafuta_Kazi_Umoja
Asante kwa hilo la vyeti. Asante sana.

Mama_Mishahara
Mnaongea kuajiri tu, na kukaa je? Watu huhama kwa sababu ya tarehe. Ukisema tarehe 30, iwe tarehe 30. Kodi ya nyumba inadaiwa kuanzia tarehe moja, mwenye nyumba hasikilizi "mteja wetu hajalipa". Ni heri mshahara mdogo kidogo unaofika siku yake kuliko mkubwa unaofika tarehe 11.

Pili, wakati wa kumpa kazi mwambie kitakachofika mkononi. Ukimwambia shilingi 30,000 ukanyamaza, mwezi wa kwanza ataona NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6 ni 1,800, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 ni 825, tozo ya nyumba za serikali asilimia 1.5 ni 450. Jumla 3,075 kabla hujafika kodi ya mapato. Atadhani umemwibia. Kaeni na karatasi dakika kumi kabla hajatia sahihi.

Tatu, na hili linaniuma: ukikata, peleka. Mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi akifika dirishani hospitalini na mtoto mgongoni, akaambiwa michango haijaingia ilhali pei slipu inaonyesha imekatwa, huyo umempoteza, na atawaambia wenzake wote.

Kijana_Ruaraka
Kwetu wengi huhama kwa sababu ya nyongeza ya shilingi mia tano tu. Ongezeni mshahara, mengine ni hadithi.

Mama_Mishahara
Mia tano ni sababu anayokuambia siku ya kuondoka. Muulize nauli ya usiku kwanza.

Zamu_ya_Usiku
Wacha niandike ya ghala moja upande wa Embakasi, jina nalificha. Jumamosi rola ya waya wa shaba ya mita 100 haionekani. Jumatatu mtunza stoo anasimamishwa getini, walinzi wameshaagizwa. Hakuna barua wala kikao. Mkoba wake unamwagwa chini, watu wa zamu mbili wakitazama: mkebe wa githeri, kandambili, kadi ya kliniki ya mtoto. Anaambiwa aende, atapigiwa. Akainama akaokota vitu vyake kimoja kimoja, hakuna aliyemsaidia kwa kuogopa.

Jumatano waya ukapatikana. Ulitoka Ijumaa kwenda kwa mteja Ruiru, na hati ya kupokelea mzigo ilikuwa kwenye dashibodi ya lori. Kufikia mwisho wa mwezi watu wanne walikuwa wameondoka, akiwemo dereva wa foklifti ambaye hakuna aliyemshuku. Ule mkoba waliuona wote.

Nyundo_Kariobangi
Kwenye dashibodi! Alirudishwa?

Zamu_ya_Usiku
Walimpigia mara tatu. Alikuwa ameshaanza kazi kwa jirani wao, ukuta kwa ukuta.

Mzee_Gikomba
Na kama angekuwa ameiba kweli? Nimpe kikao na chai?

Wakili_Milimani
Kikao ndiyo, Mzee, hata kwa wizi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: mweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama anayemchagua, msikilize, ndipo uamue. Mpe barua na muda wa kujibu, kusanya hati za stoo, andika yaliyosemwa. Ukiruka hatua, mahakama inaweza kukutoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Katika ghala lile, kukusanya hati tu kungeifikia dashibodi.

Na kwa kuwa tupo hapo: kazi ya miezi mitatu au zaidi, mkataba uwe wa maandishi. Majaribio yasizidi miezi sita, na hayaongezwi bila yeye kukubali. Likizo siku 21 za kazi kwa mwaka. Kibarua wa siku kwa siku anayefanya kazi mwezi mzima mfululizo amepata haki za wa mwezi, hata ukimlipa kila jioni.

Msimamizi_Zamu
Ya nauli, Mama Mishahara ana hoja. Zamu inayoisha saa tatu usiku wakati wa mvua, matatu zinapandisha bei mara mbili. Isogeze iishe saa mbili kasorobo, au kodi gari moja la kuwafikisha steji kubwa. Kaa pia na mgeni siku ya 30 na ya 90, umuulize kifaa gani hakimfai. Mara nyingi ni glavu.

Kijana_Ruaraka
Glavu na mia tano.

Mzee_Gikomba
Chomelea, yale mabamba ya jaribio lazima yawe mapya? Nina chakavu kingi.

Chomelea_BabaDogo
Chakavu kinafaa, Mzee. Ila kwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya kwanza, la sivyo utamlaumu kijana kwa vitundu visivyo vyake.