Pilau inashika katikati, pembeni mchele mgumu: kosa la sufuria au la moto?

Ukoko: Sufuria ya stenlesi ya lita 5, kitako chembamba kama milimita 1, jiko la gesi. Kilo moja ya mchele inaungua duara palepale miali inapogusa, na pembeni punje hazijaiva. Ya alumini, kwa moto uleule, haina shida hiyo. Si stenlesi ndiyo ghali?

FundiBati: Ughali wake ni wa kutoshika kutu. Kwenye kupitisha joto iko mkiani: shaba nyekundu ni kama 400 (wati kwa mita kwa kelvini), alumini safi 235 hivi, chuma cha kusubu (kile kizito cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) 50, stenlesi 16 tu. Joto likiingia kwenye kitako chembamba namna hiyo haliwahi kutambaa pembeni, linapanda moja kwa moja kwenye mchele ulio juu yake.

Ukinunua nyingine, tafuta yenye bamba la alumini lililobanwa kwenye kitako, jumla milimita 5 au zaidi. Igeuze uitazame: bamba likiwa dogo kuliko kitako, miali italipita na utaungulia ukingoni badala ya katikati.

Mzaramo_Jikoni: Kwa sufuria hiyo uliyonayo: maji yakikauka, teremsha moto hadi mwisho, weka kikaango kizito cha chapati kati ya jiko na sufuria, funika, dakika 20 hadi 25. Au palia makaa: mengi juu ya mfuniko, machache chini. Mfuniko wa kioo au wenye kishikio cha plastiki usithubutu.

Ukoko: Basi si bora sufuria ya chuma cha kusubu?

FundiBati: Hapana. Wengi hudhani chuma kizito husambaza joto, kinalihifadhi tu. Kipashe moto mdogo dakika 8 au 10 kabla ya kuweka kitu, la sivyo nacho kitakuwa na doa la moto katikati. Kwa chapati hakina mpinzani. Kwa wali, alumini nene.

BiKaranga: Ila hiyo alumini msiipikie mchuzi wa ukwaju, ndimu au nyanya nyingi. Asidi inakula utando wake wa juu, mchuzi unapata ladha ya bati na sufuria inabadilika rangi. Na chakula cha namna hiyo kisilale humo. Hapo ndipo stenlesi yako ina kazi: mchuzi unakorogeka, kwa hiyo mwiko unasambaza joto ambalo kitako kimeshindwa.