Dispensari ya Malindi, Unguja: aliyeingia, aliyepanga, aliyefanya kazi humo, tupeane uzoefu

Mwana_Mizingani
Asalaam alaykum. Jana nimeshuka botini mvua imekaza, nikajibanza chini ya roshani za Dispensari pale mkabala na bandari. Kutazama juu zile nakshi za mbao, nikamkumbuka bibi. Alikuwa akienda pale kabla ya Mapinduzi na chupa yake mkononi, maana bila ya chupa dawa utaitia wapi? Ya kikohozi ilikuwa nyekundu, na kwa alivyohadithia, tamu mpaka watoto wakikohoa makusudi. Nani mwengine ana lake?

PwezaMkavu
Mie mpaka nimeoa nilikuwa nadhani lile ni jumba la Sultani. Msinicheke.

Kitanga_Upepo
Si ndilo lenye chuo cha muziki?

Kasa_Mzee
Hilo la muziki ni Forodha ya zamani, hapo hapo Mizingani. Dispensari ndiyo yenye vioo vya rangi. Aliyeianza ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akikusanya ushuru wa forodha ya Sultani. Jiwe la msingi limewekwa 1887, jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Alitaka iwe hospitali ya maskini, lakini akafariki 1891 jengo halijesha, likamalizika 1894. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali aliyoiacha Haji Nasser Nur Mohamed, Mshia wa madhehebu ya Ithnaasheri. Chini ikawa dispensari, juu wakakaa wapangaji. Ndiyo wazee wakaiita Dispensari ya Ithnaasheri.

UbaniWaKae
Umechanganya mambo sheikh. Topan alikuwa Ismailia, madhehebu nyengine hayo.

Kasa_Mzee
Nimesema Topan ndiye aliyeianza. Hiyo "1900" umeiruka?

UbaniWaKae
Ungeandika vizuri nisingeiruka.

Kasa_Mzee
Miwani hiyo, yakhe.

Fundi_Randa
Mie nilikuwa kibarua humo miaka ya 90, taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipolifufua. Tangu 1964 wenyewe wengi walishaondoka, na jengo lilichakaa hasa. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kukwangua rangi kwenye nguzo ya roshani. Nguzo moja. Wiki nzima! Unatoa kijani unakuta rangi nyengine, unaitoa hiyo unakuta nyengine tena. Nikaona huyu fundi mkubwa ananichezea. Siku mti wenyewe ulipotokeza, na ule mchoro wa maua umekaa kama umechongwa juzi, nikamwelewa. Mpaka leo nikipita huitizama ile nguzo kwanza kabla ya jengo.

PwezaMkavu
Ipi? Tukaigusie mkono.

Fundi_Randa
Sikwambii, mtaichafua.

Mama_Swaumu
Hili langu si la Dispensari, mnisamehe, lakini fundi kanikumbusha. Tulipanga nyumba ya mawe huko huko Malindi, sitaitaja. Wapangaji familia tano. Ukuta wa jikoni ulikuwa umevimba, mwenye nyumba akauziba kwa saruji, akapaka rangi, na kodi akaipandisha.

Masika yakaja. Usiku mmoja nasikia mchanga unaanguka juu ya chandarua, ti, ti, ti. Mama akasema panya hao, laleni. Baba akawasha kandili, akaimulika dari. Boriti ilikuwa imetoka ukutani, kichwa chake cheusi kimeoza, unakiona kinachungulia. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Viatu muache." Tukateremka ngazi kwa kupapasa, anagonga kila mlango. Bi mmoja wa chini akagoma kutoka bila ya kasha lake. Baba akambeba yeye, kasha kalikumbatia, anamgombeza baba asimtikise.

Tumefika barazani mwa jirani, nyumba ikaguna. Sikuwahi kusikia sauti ile tena, na siiombi. Jiko letu lote likashuka likakaa juu ya jiko la chini yetu. Asubuhi tukaikuta sufuria yetu ya wali kwenye kifusi, kifuniko chake juu. Mama akakifunua, akaunusa. "Umelala tu," akasema. Hakufa mtu, alhamdulillahi.

Kitanga_Upepo
Subhanallah. Kwenye kasha mlikuwa na nini?

PwezaMkavu
Na wali mliula?

Fundi_Randa
Saruji ndiyo iliyowaangusha. Mawe yale ya matumbawe yanakunywa maji, chokaa inayaachia yatoke. Ukipiga saruji umeyafungia ndani, na vichwa vya boriti vinaoza humo humo ukutani huku nje kunang'ara. Mwenye nyumba ya mawe asiguse saruji.

ShanganiMoja
Maneno hayo. Yetu ina saruji tangu utotoni mwangu na haijatikisika.

Fundi_Randa
Gonga ukuta usikie. Ukilia kitupu, hama.

ShanganiMoja
Nimegonga. Mke wangu anauliza nagonga nini usiku huu.

Bint_Funguni
Chokaa nzuri inataka kulowekwa miezi, na fundi wake umtafute kwa tochi. Mwenye watoto sita atangoja? Nyie semeni tu.

UbaniWaKae
Hata matengenezo hayatoshi. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Sultani, liliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa mikononi mwa mafundi, na watu wawili wakafa. Ushauri wangu, usipange nyumba ya mawe masika.

Bint_Funguni
Na kiangazi tupange, masika tukalale chini ya ule mti mkubwa wa Mtini?

Mwana_Mizingani
Jamani, mada ilikuwa Dispensari.

Kitanga_Upepo
Ngoja kwanza. Mama Swaumu, kasha!

Mama_Swaumu
Wali tuliula. Kasha lilikuwa na kanga mbili za Idi na risiti za kodi, zote, tangu alipoingia nyumba ile. Mwenye nyumba alipokuja asubuhi kuangalia kifusi, akamwambia bi yule kuwa anadaiwa miezi miwili. Bi akakaa juu ya jiwe, akafungua kasha, akaanza kuzitoa moja moja.

PwezaMkavu
😂😂 Ikawaje?

Mama_Swaumu
Alipofika ya nne, mwenye nyumba alishaondoka.