MJADALA: Darasa la tano halina kompyuta. Tufundishe hivyo hivyo au tusubiri vifaa?

Ubao Mweusi (mleta mada)

Wadau, mada za TEHAMA zimo ndani ya masomo ya sayansi, na mtoto anatakiwa azijue, shule iwe na kompyuta au isiwe nayo. Jirani zetu Kenya, KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala, ilipitisha silabasi ya koding, yaani kuandika programu za kompyuta, mwaka 2022. Hali ya shule nyingi mnaijua: watoto 70, ubao, chaki, na kishikwambi kimoja cha mwalimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Msimamo wangu ni kwamba tuanze sasa, bila mashine. Kinachoendelea madarasani ni kuchora monita na kukariri "kifaa cha kuingizia data". Hapo hatufundishi kompyuta, tunafundisha samani.

Chukueni vizibo vya soda. Kundi la watoto saba linahitaji vizibo 36, kwa hiyo makundi kumi ni vizibo 360. Pitia grosari mbili tatu uombe. Mtoto wa kwanza apange vizibo 25, vitano kwa vitano, vingine vikitazama juu na vingine chini, apendavyo. Wa pili aongeze kimoja mwisho wa kila mstari na kimoja chini ya kila safu, ili vinavyotazama juu viwe shufwa kila upande. Cha kona ya mwisho kitakubaliana na mstari wake na safu yake kwa pamoja. Kisha afumbe macho, mwenzake ageuze kizibo kimoja. Akifumbua, atafute mstari wenye witiri na safu yenye witiri. Zinapokutana, ndicho chenyewe. Kwa msingi huo huo mashine hugundua kwamba data imeharibika njiani.

Angalizo: msipunguze kuwa vinne kwa vinne. Mstari utakuwa wa vizibo vitano, vinne na kile cha kuongeza, na ukiwa na shufwa juu, chini kuna witiri, na mtoto akihesabu upande usio wake zoezi zima linavurugika. Mstari wa vizibo sita hauna shida hiyo: juu shufwa, chini shufwa. Na wakigeuza viwili katika mstari mmoja, safu mbili zitalalamika lakini mistari yote itanyamaza. Utajua kuna kosa, hutajua liko wapi. Waacheni wagundue wenyewe.

Koda wa Nyanda za Juu

Mwalimu, vizibo sivipingi. Ninalopinga ni kuliita zoezi hilo somo la kompyuta, halafu tukae miaka mitatu tumeridhika. Tazama ule mchezo wa roboti. Unachora uwanjani miraba sita kwa sita, kila mmoja nusu mita. Mtoto mmoja ni roboti, wenzake wanamwandikia kadi: MBELE, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO. Mwandishi amesimama akitazamana na roboti, kwa hiyo anaandika kulia akimaanisha kulia kwake yeye. Roboti anaona kabisa kwamba akitii atatoka nje ya miraba, basi anageukia upande unaofaa. Kosa limefutika na hakuna aliyeliona.

Mashine haina huruma hiyo. Kuprogramu ni kuandika, kukataliwa, kisha kurudi kusoma ulichoandika wewe mwenyewe. Mtoto asipokataliwa hata mara moja, kajifunza mchezo wa uwanjani tu.

Ubao Mweusi

Hiyo hoja ya huruma naikubali, ila ina dawa. Roboti atoke kundi jingine na asiambiwe mwisho wa safari ni wapi. Apewe kadi moja moja, asione zote kwa pamoja. Akisomewa lolote lisilo miongoni mwa yale maagizo matatu, asimame na kunyoosha mkono. "Mbele kidogo"? Mkono juu. Mtoto wa tatu awe karani, atie tiki kila agizo linapotekelezwa. Wakikwama, wanajua wamekwama kadi ya ngapi.

Tena kosa linalosumbua kuliko kulia na kushoto ni GEUKA yenyewe. Watoto hugeuka huku wanapiga hatua. Kabla ya mchezo wowote, roboti ageuke mara nne ndani ya mraba mmoja mpaka arudi alikokuwa akitazama. Hapo ndipo uwaletee RUDIA 4 (MBELE 3, GEUKA KULIA), waone kadi 16 zikiwa mstari mmoja wa daftari.

Ticha wa Gredi ya Tano

Huku kwetu Kenya programu ya vifaa ilianza 2016, na ilianza na darasa la kwanza, si gredi za juu. Kwa hivyo msidhani swali linaisha sanduku likifika. Laptopu 8 kwa watoto 70 ni karibu watoto 9 kwa mashine moja: mmoja anabonyeza, wa pili anaelekeza, saba wanaangalia migongo. Na anayebonyeza huwa ni yule aliyezoea simu nyumbani.

Weka wawili kwa mashine, yaani watoto 16. Wengine wabaki na vizibo au waandike programu kwenye karatasi. Zamu itarudi baada ya vipindi vitano. Kati ya hao wawili, mmoja ashike kipanya, mwenzake asome karatasi na asiguse chochote, na kila dakika 7 wabadilishane kwa kengele. Asiyekuja na programu iliyoandikwa asikae kwenye mashine. Sheria hiyo ni kali, lakini pasipo hiyo kipindi chote cha dakika 35 kinaishia kubadilisha rangi za yule paka wa Scratch, programu ya kuwafundishia watoto koding.

Scratch inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na ina chaguo la Kiswahili. Ila laptopu za msaada zenye Windows 7 hazikubali Scratch 3. Wekeni toleo la pili, au 1.4 kama mashine inakwenda polepole sana.

Fundi Sola

Mnabishana mashine mkisahau umeme. Laptopu 8 zikitumia wati 30 kila moja kwa saa 2 ni wati-saa 480. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula karibu asilimia 15, kwa hiyo betri itatoa kama 565. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, yaani 600. Mmefika ukingoni. Simu za walimu zikianza kuchajiwa hapo na taa ya mlinzi ikaunganishwa usiku, betri itashuka chini ya nusu kila siku, na haitachukua muda itakufa. Kisha lawama zitaenda kwa paneli.

Taa ya mlinzi iwe na betri yake ndogo. Na vishikwambi visifungiwe likizo ya Desemba vikiwa sifuri, maana betri ya lithiamu iliyokaa hivyo huenda isiamke tena. Vichajiwe hadi nusu, vizimwe kabisa, ndipo vifungiwe.

Mzazi Mjumbe

Nasoma kimya. Shule yenye upungufu wa madawati mnataka inunue inveta? Vizibo sawa, havina bei. Hayo mengine kamati yetu haitayapitisha, na sioni kosa lake.

Koda wa Nyanda za Juu

Mjumbe, sikulaumu. Basi tukibaki na vizibo na kadi, angalau tuwapime kwa swali lenye kosa ndani yake, si kwa kutaja sehemu za kompyuta. Mfano: miraba ni A hadi F kwenda mashariki, 1 hadi 6 kwenda kaskazini. Roboti yuko A1, anatazama kaskazini, anatakiwa amalizie C1. Programu ni RUDIA 2 (MBELE 2, GEUKA KULIA). Anaishia wapi, na ubadilishe nini? Halihitaji umeme, na anayekariri hawezi kulijibu.

Ubao Mweusi

Swali zuri, nalichukua. Anaishia C3 akitazama kusini, na jibu unalolitarajia ni RUDIA 3. Wengi wataongeza GEUKA KULIA mwanzoni: roboti atapita C1 kweli, kisha MBELE ya pili itamtoa nje ya miraba. Huyo apewe nusu alama na arudishwe uwanjani akatembee mwenyewe. Na ukikutana na mtoto aliyeandika RUDIA 7, usimkate haraka. Mizunguko minne ya kwanza inamrudisha A1 akitazama kaskazini, na mitatu iliyobaki inamfikisha C1.