Kompyuta iliyo ndani ya kibodi na ina skrini ya tachi: bado inafaa kwa kuandika au niachane nayo?

kalamu_ya_usiku

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo liko kichwani wiki ya pili sasa na sijapata wa kumuuliza.

Kazi yangu ni kuandika, yaani kutwa nachapa, hadithi, tafsiri, maandishi ya watu. Laptop sitaki tena, vitufe vyake vifupi vinaniumiza vidole afu joto lote linakuja viganjani. Ninachotaka ni kibodi ambayo yenyewe ndo kompyuta, natia kwenye begi, nikifika penye tivii au monita nachomeka waya naendelea nilipoishia. Na ningependa sana iwe na kaskrini ka tachi hapo hapo juu yake, ili hata nikikosa tivii niweze kusoma nilichoandika jana na kuongeza aya mbili tatu.

Sasa kuna mtu anaachia Asus Eee Keyboard yake, ile ya zamani, nzima kabisa na inawaka. Nimeishika kama dakika kumi hivi nikaipenda kupita maelezo. Upande wa kulia, pale ambapo kibodi zingine zinaweka namba, hii ina skrini ya inchi 5 imesimama wima, unaigusa kwa kidole, na ukitaka unaigeuza inakuwa padi ya kusogezea mshale kwenye tivii. Nilifungua Notepad nikachapa sentensi moja bila monita yoyote, maneno yakawa yanatokea pale pembeni ya mkono wangu wa kulia, nikajisemea hii ndo kitu nimekuwa naitafuta miaka yote.

Ila ina Windows XP na RAM ya GB 1. Niichukue au ntajuta? Na kama siyo hiyo, ipi nyingine inaweza kunipa kitu cha namna hiyo?

fundi_biti

Mkuu hiyo mashine naielewa vizuri. Ilionyeshwa mara ya kwanza Las Vegas kwenye maonyesho ya CES ya Januari 2009, ikaja kuuzwa 2010. Prosesa yake ni Intel Atom N270, ya kiini kimoja, 1.6 GHz, ile ile iliyokuwa ndani ya laptop ndogo nyingi za miaka ile. Hifadhi yake ni GB 16 au 32, kutegemea umepata ipi. Enzi zake ilikuwa maajabu, iliweza hadi kurusha picha kwenye tivii bila waya, unachomeka kiboksi cha kupokelea nyuma ya tivii basi unakaa na kibodi mapajani.

Watu watakwambia ni slo lakini kwa kuandika maandishi matupu spidi siyo ishu, herufi hazihitaji prosesa kubwa. Ishu ni kwamba N270 ni ya biti 32 tu, yaani kizazi cha zamani kisichoweza kuendesha programu za biti 64 za siku hizi, na dunia ya biti 32 inafungwa mlango mmoja baada ya mwingine. XP yenyewe iliachwa kupewa apdeti tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo hata usifikirie kuiunganisha na intaneti, na hata ukiiunganisha tovuti nyingi zitakukatalia maana brauza yake ya kuzaliwa nayo haijui usimbaji unaotumika siku hizi. Utasema basi ntaweka Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Sawa, ila Debian 13 (Debian ni moja ya aina za Linux) iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, utaishia na Debian 12, na hiyo nayo ina siku zake. Afu GB 1 ya RAM na kurasa za wavuti za leo, ukifungua ya tatu unaenda kuoga unarudi bado inazunguka.

Kwa hiyo kama unaitaka iwe mashine ya kuandikia tu, haigusi mtandao, faili unatoa kwa fleshi, chukua na utaipenda. Kama unataka pia kutuma imeili na kutafuta vitu humo humo, hapana.

Kabla hujaichukua kagua betri. Ina betri ya ndani na kwa umri wake chochote kinawezekana. Iweke juu ya meza iliyo bapa kabisa, bonyeza kona moja moja kwa kidole, ikiwa inayumba kama meza yenye mguu mfupi au mgongo umetuna kidogo ujue betri imeanza kuvimba, usiichaji hata mara moja mpaka itolewe.

mzee_wa_kaseti

Kijana nimefurahi kuona bado kuna mtu anataka kompyuta ya namna hii, maana mi nimejifunzia humo. Commodore 64 ya 1982, ZX Spectrum ya mwaka huo huo, Amiga 500 ya 1987, zote zilikuwa hivyo, kompyuta nzima iko chini ya vidole vyako na tivii ya sebuleni ndo skrini. Kwenye Commodore 64 unabonyeza swichi ya ubavuni na kabla hujavuta kiti vizuri tayari skrini ya bluu imeshakuja, imekuandikia una baiti 38911 za kutumia, na kale kamraba kanapepesa kanakungoja. Mistari 25, kila mmoja herufi 40. Hamna kingine cha kuangalia.

Ninachotaka kukwambia ni hiki, kilichofanya zile mashine ziwe nzuri kwa mtu wa kuchapa ni kwamba zilikuwa tayari muda wote na hazikukuita kwenye mambo mengine. Yoyote utakayochukua, iseti ikiwaka tu ifungue programu yako ya kuandikia moja kwa moja, isipite kwenye desktopu. Kwenye Linux hilo ni jambo la dakika tano, na utaona tofauti siku ya kwanza tu.

Nasra_wa_nyaya

Mi nashauri uangalie Raspberry Pi 400 au 500, kompyuta ndogo za Linux zilizojengwa ndani ya kibodi, hizo ndo warithi halali wa hili wazo kwa sasa. Pi 400 ilitoka Novemba 2020, RAM GB 4, prosesa ya viini vinne ya biti 64, haina feni kwa hiyo haipigi kelele hata kidogo, ndani kuna bamba kubwa la chuma limetandazwa upana wote linatawanya joto. Pi 500 ilitoka Desemba 2024, RAM GB 8 na kasi zaidi, afu 2025 ikaja 500+ ambayo ina GB 16, SSD (hifadhi ya haraka) ya ndani na vitufe vya mekanika, na kwa jinsi ulivyolalamikia vidole vyako hiyo ningekuwa we ningeipigia hesabu kwanza.

Shida ni moja, hakuna hata mojawapo yenye skrini juu yake. Ya tachi utaongeza mwenyewe. Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana watu wengi wanakosea: zile skrini rasmi za tachi za Raspberry Pi zinaunganishwa kwa utepe mwembamba, tundu la DSI, na kompyuta hizi za kibodi HAZINA tundu hilo. Pi za kawaida za bodi tupu zinalo, 400 na 500 hazina. Ukiagiza skrini ya utepe itabaki pambo. Tafuta ya inchi 5 au 7 inayopokea picha kwa HDMI na kurudisha mguso kwa USB, nyaya mbili basi.

Vitu vingine vya kujua mapema: matundu yake ya HDMI ni yale madogo ya maikro, mawili, kwa hiyo unahitaji waya wake au adapta. Ukiwa na skrini moja tu, kwa 400 chomeka lile tundu lililo jirani na memori kadi, ndo la kwanza. Hazina tundu la hedifoni, sauti inapita kwenye HDMI au bluetuthi. Na hazina betri ndani, umeme unaingia kwa USB-C. Kwa 400 unahitaji volti 5 ampea 3, siyo chaja yoyote ya simu uliyonayo.

shingo_nzima

Naomba nipinge kidogo na siyo kwa ubaya. Nimefanya kazi ya kuchapa miaka mingi na nakwambia ukweli, skrini iliyolala kwenye kibodi ni adui wa shingo. Simama umwangalie mtu anayeandika hivyo robo saa, kichwa kinashuka, mabega yanakuja mbele, na baada ya hapo anaanza kujikanda nyuma ya shingo bila kujua. Monita ni ya usawa wa macho, basi.

Tena kuna hili la kiganja. Skrini ikiwa kulia pale penye namba, kila ukienda kubonyeza Enter ukingo wa mkono unagusa, mshale unaruka katikati ya sentensi, unarudi unasoma unakuta neno limejipachika aya ya juu. Kwa mtu anayeandika haraka hiyo ni hasara.

Sisemi tachi haina maana. Skrini ndogo iweke kamusi, kikokotoo, orodha ya wahusika wako, vitu vya kutupia jicho sekunde mbili. Maandishi yenyewe yaache kwenye skrini kubwa. Au fanya rahisi kabisa, simu yako uisimamishe kwenye stendi na kibodi nzuri ya bluetuthi, humalizi hata nusu saa kuiseti.

kalamu_ya_usiku

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. @fundi_biti nimerudi nikaifanyia ile ya kona, kona ya kushoto inacheza. Kidogo tu ila inacheza. Imeniuma kweli maana nilishaizoea moyoni, ila nimeiacha.

@shingo_nzima simu nshajaribu, tatizo ni kwamba ni simu. Natafuta neno, inaingia meseji, nafungua, nikirudi nusu saa imeenda na ile sentensi niliyokuwa nayo kichwani haipo tena. Hoja ya shingo nimeielewa lakini. @Nasra_wa_nyaya naenda na 400, kuna ya mtumba imetunzwa vizuri, na skrini ya inchi 7 ya HDMI. Ntaleta mrejesho.

kalamu_ya_usiku

Wakuu mrejesho kama nilivyoahidi, ni wiki ya tatu naitumia.

Kwanza matatizo, yalikuwa mawili. La kwanza nilipochomeka skrini ndogo na tivii kwa pamoja, nikigusa ile ndogo mshale unatembea kwenye tivii. Nagusa kona hii unaruka kule. Nilihangaika usiku mzima nikidhani tachi ni mbovu, kumbe kompyuta inaona skrini mbili lakini haijui kile kigusio ni cha ipi. Ukienda kwenye mipangilio ya skrini ukabofya kulia kwenye ile ndogo kuna sehemu ya kuiambia kigusio hiki ni chako, ukichagua tu imeisha.

La pili ni umeme. Kona ya juu kulia kalikuwa kanatokea kaalama ka radi ka njano, kanakuja kanapotea, hasa nikiongeza mwanga wa skrini ndogo. Nikaja kugundua skrini ilikuwa inanyonya umeme kupitia USB ya kompyuta yenyewe. Nikaitenga, sasa pawabenki moja matundu mawili, moja linalisha kibodi lingine skrini, na radi sijaiona tena.

Sasa ya kufurahisha. Nimefuata la @mzee_wa_kaseti, ikiwaka inafungua faili langu moja kwa moja, herufi nyeupe kwenye nyeusi, hamna saa hamna chochote. Nikimaliza nashika Fn nabonyeza F10 inazima, asubuhi F10 hiyo hiyo inawasha. Na la @shingo_nzima pia nimelifuata kwa namna yangu, skrini sikuilaza kwenye kibodi. Nimeisimamisha nyuma yake juu ya boksi la viatu, iko karibu na usawa wa kidevu, na kwa sababu ni ya tachi nikitaka kurudi aya za juu nanyoosha kidole tu navuta maandishi chini, maus iko kwenye begi na sijaitoa siku nne. Juzi niliandika maneno 2,100 kwa kikao kimoja na vidole haviumi.

Nasra_wa_nyaya

Safi sana!! Umefanya kazi nzuri kweli. Ila hilo boksi la viatu angalia nyaya, zile HDMI za maikro hazipendi kuning'inia, waya mzito ukivuta kwa chini tundu linalegea pole pole na siku moja picha inaanza kukatakata. Funga waya kwenye boksi kwa mpira au uzi, uache kama sentimita kumi zilizolegea kabla ya tundu, uzito wote ubaki kwenye boksi.

kalamu_ya_usiku

Nimefunga saa hii hii na kamba ya kiatu. Asante dada.