Tupeane uzoefu: mliopanga foleni katika uchaguzi wa mlolongo nchini Kenya, 1988

Mwalimu Mstaafu: Nimewasikia vijana wakidai kwamba mlolongo, yaani kupiga kura kwa kupanga mstari hadharani, urudishwe katika uteuzi wa vyama kwa kuwa karatasi za kura huibwa. Mliokuwapo Februari 1988, waelezeni.

Mama wa Murang'a: Tulipangwa uwanjani nyuma ya mawakala waliobeba picha za wagombea, naye chifu akapita akitutazama usoni mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa na leseni ya duka ya kulinda, basi akasimama alikotakiwa asimame. Mimi nilisimama kwa mgombea niliyemtaka, na kijiji kizima kikaona. Mstari wetu ulizunguka uwanja ukatokea barabarani, ilhali ule mwingine haukufika hata kwenye milingoti ya goli. Jioni tulitangaziwa kwamba mstari mfupi umeshinda, tena kwa zaidi ya asilimia 70, maana yake mgombea huyo alikwenda bungeni moja kwa moja bila kupitia kura ya siri ya Machi. Tungedai nini kihesabiwe upya, na watu walikwisha tawanyika? Leseni ya duka haikuguswa, lakini mimi nilihamishwa kazi muhula uliofuata.

Kijana wa Kisumu: Pole sana, Mama. Baba yangu husimulia hayo hayo.

Msomaji wa Nakuru: Kosa lilikuwa la wasimamizi. Foleni yenyewe ilionekana na kila mtu.

Mwalimu Mstaafu: Hapana, ndugu yangu. Asiye na kadi ya KANU, chama pekee wakati huo, hakuruhusiwa kupanga foleni. Viongozi wa makanisa walipinga tangu 1986, kwa sababu mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mwanasiasa mmoja mbele ya waumini waliogawanyika. KANU yenyewe iliufuta mlolongo mwaka 1990.

Mtu wa Tanga: Kwetu Tanzania, Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta takriban asilimia 80 wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Msomaji wa Nakuru: Basi wengi walidharauliwa!

Mtu wa Tanga: Hawakudharauliwa. Aliyependa CCM aliendelea kuipigia kura. Wale asilimia 20 ndio waliokuwa hawana pa kwenda.

Kijana wa Kisumu: Ushauri wangu ni kwamba tukishapiga kura tusiondoke, tuipige picha fomu ya matokeo inapobandikwa mlangoni.

Mama wa Murang'a: Mwanangu, piga kura urudi nyumbani, mawakala wapo kwa kazi hiyo. Ila kura yako usimwonyeshe mtu, hata mumeo au mkeo.